Ballymun: Kitongoji cha Dublin Kilichobebeshwa Lawama za Maghorofa Yake

Kwa karibu miaka 40, msafiri aliyetua katika uwanja wa ndege wa Dublin na kushika barabara ya kuelekea mjini aliweza kuona, upande wa magharibi, minara saba ya zege yenye ghorofa 15 kila mmoja, ikiwa imesimama peke yake juu ya uwanda wa nyumba fupi. Hapo palikuwa Ballymun, kitongoji cha kaskazini mwa jiji hilo, na mahali pekee katika Jamhuri ya Ayalandi ambapo serikali iliwahi kujenga makazi ya maghorofa marefu kwa kiwango kikubwa hivyo. Minara hiyo haipo tena. Wa kwanza ulibomolewa mwaka 2004 na wa mwisho mwaka 2015, na kilichosalia vinywani mwa watu wengi ni maelezo mafupi: serikali ilipandisha watu ghorofani, Waayalandi hawakuwa na desturi ya kuishi juu, mtaa ukaharibika, ukavunjwa.

Maelezo hayo hayatoshi. Kama urefu wa jengo ndio ungekuwa chanzo cha taabu, Singapore isingekalika, na wala matajiri wa Dublin yenyewe wasingelipa fedha nyingi leo kwa fleti zinazotazama mto Liffey. Yaliyoipata Ballymun yalitokana na mambo kadhaa yaliyotokea kwa nyakati tofauti na kuamuliwa na watu tofauti, na kwa kuwa yote yalitokea chini ya kivuli cha minara ileile, minara ndiyo iliyobeba lawama. Kwa maoni yangu, ukitaka kuielewa Ballymun inakubidi uulize maswali matatu ambayo zege haliwezi kuyajibu: kitu gani kilisahauliwa wakati wa kujenga, nani alihamishwa na nani akaletwa baadaye, na nani aliyeushikilia mtaa usianguke wakati wenye mamlaka walipokuwa wameupa kisogo.

Chimbuko la mradi huu liko katikati ya jiji, katika nyumba kubwa za matofali zilizojengwa karne ya 18 kwa ajili ya mabwana na wabunge. Baada ya Bunge la Ayalandi kuvunjwa na mamlaka kuhamishiwa London mwaka 1801, matajiri waliondoka polepole, na nyumba zao zikagawanywa chumba kwa chumba na kupangishwa kwa maskini. Ikafika wakati familia nzima ikaishi ndani ya chumba kimoja, ikichangia bomba moja la maji na choo kimoja cha uani na majirani wa jengo zima. Mwaka 1913 nyumba za namna hiyo ziliporomoka katika mtaa wa Church Street na kuua watu saba. Baada ya uhuru, Halmashauri ya Jiji la Dublin ilijenga sana, hasa kuanzia miaka ya 1930, na vitongoji kama Crumlin, Cabra na Ballyfermot vikazaliwa. Kisha miaka ya 1950 ikaja na balaa la aina nyingine. Uchumi ulidorora, vijana wakavuka bahari kwenda Uingereza kwa mamia ya maelfu, na nyumba nyingi za halmashauri zikabaki bila wapangaji. Maofisa waliona nyumba tupu wakahitimisha kwamba tatizo la makazi linaelekea kwisha, hivyo kasi ya ujenzi ikapunguzwa.

Hesabu hiyo ilikuwa ya muda tu. Uchumi ulipoanza kunyanyuka mwanzoni mwa miaka ya 1960, watu walibaki nchini, wakaoa na kuolewa, wakatafuta mahali pa kuishi, na hapakuwa na nyumba mpya za kutosha. Mwezi Juni mwaka 1963, katika muda usiozidi wiki mbili, nyumba mbili kongwe ziliporomoka mjini. Ile ya Bolton Street iliwaua wazee wawili, mume na mke. Ile ya Fenian Street iliwaangukia watoto wawili wa kike waliokuwa wakipita njiani, mmoja wa miaka minane na mwingine wa tisa. Wakaguzi walitumwa mitaani kwa haraka, wakatangaza kwamba majengo mengi ni hatari, na mamia ya familia zikatolewa humo bila ya kuwa na mahali pa kwenda. Baadhi walihifadhiwa katika kambi ya zamani ya jeshi. Serikali, ambayo miaka michache nyuma ilidhani ina nyumba za ziada, sasa ilihitaji maelfu ya nyumba, na ilizihitaji jana.

Haraka hiyo ndiyo inayoeleza umbo la Ballymun. Waziri wa Serikali za Mitaa wa wakati huo, Neil Blaney, alivutiwa na teknolojia iliyokuwa ikienea Ulaya nzima ya kujenga kwa mapande ya zege yanayofyatuliwa kiwandani na kuunganishwa na winchi, badala ya kuinua ukuta tofali kwa tofali. Usimamizi ulikabidhiwa kwa wakala wa taifa wa ujenzi, na mwaka 1965 ukasainiwa mkataba na muungano wa makampuni uliotumia mfumo wa Kifaransa ulioitwa Balency. Eneo lililochaguliwa lilikuwa mashamba ya Chuo cha Kilimo cha Albert, nje kidogo ya ukingo wa jiji. Kiwanda cha muda kilijengwa palepale, mapande yakatoka na mabomba ya kupasha joto yakiwa yameshapangwa kwa ajili ya sakafu, na kufikia mwaka 1969 kazi ilikuwa imekamilika: majengo 36 ya fleti, yakiwemo minara saba ya ghorofa 15, majengo marefu 19 ya ghorofa nane, na mengine 10 ya ghorofa nne, jumla ya fleti zipatazo 2,800, pamoja na mamia ya nyumba za kawaida za chini.

Mwaka 1966, wapangaji wa kwanza walipokuwa wakianza kuingia, taifa lilikuwa linaadhimisha miaka 50 ya Uasi wa Pasaka dhidi ya utawala wa Waingereza. Kwa hiyo minara saba ikapewa majina ya wanaume saba waliotia saini Tangazo la Jamhuri la mwaka 1916 na kupigwa risasi kwa kosa hilo: Pearse, Connolly, Clarke, MacDermott, MacDonagh, Ceannt na Plunkett. Hati waliyoisaini iliahidi kwamba Jamhuri itawatunza watoto wote wa taifa kwa usawa. Waliochagua majina hayo bila shaka walikuwa na fahari ya kweli, na si haki kuwacheka kwa yaliyofuata.

Jambo ambalo husahaulika katika masimulizi ya kawaida ni kwamba watu waliipenda Ballymun mwanzoni. Mama aliyetoka katika chumba kimoja cha mjini, aliyezoea kubeba ndoo ya maji ngazi tatu, alikabidhiwa ufunguo wa fleti yenye vyumba kadhaa vya kulala, jiko lake mwenyewe, bafu, choo cha ndani, maji ya moto muda wote na dirisha ambalo siku ya anga safi lilionyesha jiji zima mpaka milimani. Fleti hizo zilikuwa pana kuliko nyumba nyingi zilizojengwa na halmashauri kabla yake. Wapangaji wa awali hawakupokewa ovyo, kwani maofisa walichagua familia zenye kipato na rekodi nzuri ya kulipa kodi. Wengi wa waliolelewa humo katika miaka hiyo husimulia korido zenye watoto tele na majirani waliojuana kwa majina, na sioni sababu ya kuhesabu kumbukumbu zao kuwa ni ndoto za uzeeni.

Hata hivyo, kasoro zilikuwa zimeshawekwa tangu siku ya kusaini. Mkataba ulihesabu nyumba, na nyumba zilikabidhiwa. Lakini maduka, viwanja vya michezo, kumbi na huduma nyingine zilizoonekana katika michoro zilichelewa kwa miaka. Kwa muda mrefu wakazi walinunua mkate na maziwa kutoka kwa wachuuzi wa kwenye magari yaliyoegeshwa chini ya majengo. Maelfu ya watu, wengi wao watoto, waliwekwa pembezoni mwa jiji bila ajira za karibu na bila usafiri wa kutegemewa, kana kwamba paa peke yake ni mtaa. Wachumi wa serikali waliona kuwa yaliyosalia yatakuja yenyewe, na ndiyo maana Ballymun ilianza maisha yake ikiwa na watu wanaotosha mji mdogo lakini bila vitu ambavyo hata mji mdogo wa mashambani ulikuwa navyo.

Tuutazame kwa karibu mfumo wa kupasha joto, maana ndani yake kuna karibu kila kitu kilichokwenda kombo. Kulikuwa na jengo moja kubwa la matangi ya kuchemshia maji, na kutoka hapo maji ya moto yalisukumwa kwa mabomba ya chini ya ardhi hadi kwenye kila fleti ya kila jengo. Lilikuwa wazo zuri sana: hakuna moshi wa makaa, hakuna mzee wa kugandia kitandani kwa kukosa fedha ya kuni. Lakini mwenye fleti hakuwa na namna ya kupunguza wala kuongeza joto. Likizidi, alifungua madirisha, na hivyo usiku wa Januari kuliweza kuonekana mstari mrefu wa madirisha yaliyo wazi huku joto lililolipiwa na umma likipaa angani. Bomba likipasuka, familia nyingi zilikaa kwenye baridi kwa pamoja zikisubiri fundi ambaye hawakuwa na uwezo wa kumwita wenyewe. Lifti nazo zilikuwa vivyo hivyo. Kwa watu wa ghorofa ya 12 lifti ni barabara yao, na lifti za Ballymun ziliharibika mara kwa mara, zikabaki siku kadhaa bila kutengenezwa, na akina mama wakapanda ngazi wakiwa na kigari cha mtoto mkono mmoja na vikapu mkono wa pili.

Ardhi ya chini nayo ilikuwa na mkanganyiko wake. Wasanifu wa zama hizo waliamini kwamba ukiwaweka watu juu utapata nafasi nyingi za kijani chini, na kweli nafasi ilipatikana, ila haikuwa bustani wala uwanja wa mtu yeyote. Hapakuwa na barabara za kawaida zenye milango inayotazamana. Palikuwa na nyasi pana, mzunguko mkubwa wa magari katikati, na njia za chini ya ardhi za waenda kwa miguu ambazo giza likiingia watu waliziogopa. Halmashauri, iliyokabidhiwa mradi ambao haikuubuni, haikuwa na wafanyakazi wa kutosha wa kutunza majengo ya aina hiyo, na utunzaji wa ghorofa si jambo la kuahirisha.

Pamoja na yote hayo, Ballymun ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 bado ilikuwa mtaa wenye watu wa kila namna: madereva wa basi, wauguzi, mafundi, wafanyakazi wa uwanja wa ndege. Kilichovunja mhimili wake kilitoka katika ofisi za serikali, tena kikiwa na sura ya hisani. Mwaka 1984 serikali ilianzisha ruzuku ya pauni 5,000 kwa mpangaji yeyote wa nyumba ya umma ambaye angeirejesha nyumba hiyo na kununua yake binafsi. Hoja ilikuwa kwamba nyumba zitakazoachwa zitawafaa wenye uhitaji, na kwamba ni nafuu kuliko kujenga mpya. Lakini nani angeweza kuchukua ruzuku hiyo? Ni yule tu mwenye ajira, anayeweza kukopeshwa kiasi kilichobaki. Kwa hiyo katika muda wa miaka michache, hadi mpango ulipofutwa mwaka 1987, Ballymun ilipoteza hasa wale waliokuwa na mishahara, na mara nyingi ndio hao waliokuwa wenyeviti wa kamati za wapangaji, makocha wa timu za watoto na waandaaji wa sherehe za mtaa. Ilikuwa ni miaka ambayo ukosefu wa ajira nchini Ayalandi ulikuwa umepanda kupita kiasi, na fleti zilizoachwa wazi zikajazwa na watu ambao halmashauri haikuwa na pengine pa kuwaweka: mama wasio na wenza, wanaume waliotoka kulala mitaani, watu waliotolewa katika hospitali za magonjwa ya akili bila mpango wa kuwasaidia. Hakuna kosa katika kumpa mtu huyo nyumba. Kosa lilikuwa kuwakusanya wote mahali pamoja, kisha kuondoa hata kile kidogo kilichokuwepo. Katika kipindi hichohicho tawi la benki la pale Ballymun lilifungwa.

Heroini iliingia Dublin kwa nguvu mwanzoni mwa muongo huo, na ilikuta mitaa ya aina hii mikono wazi. Hapa ndipo picha ya Ballymun ilipogandishwa katika magazeti na runinga: sindano kwenye ngazi, kijana amejikunyata chini ya mnara. Picha hizo hazikuwa za uongo, lakini zilipigwa na watu waliokuja na kuondoka, na hazikuonyesha kwamba jibu la kwanza lilitoka kwa wakazi wenyewe. Mwaka 1981, baada ya vijana watatu kufa kwa sababu ya dawa za kulevya, wakazi walianzisha shirika lao, Ballymun Youth Action Project, kwa ajili ya kuwasaidia waraibu na familia zao, wakati ambapo huduma za serikali za aina hiyo zilikuwa chache mno. Shirika hilo lingali hai.

Mtindo huo ulirudiwa katika kila eneo ambalo dola ililiacha. Benki ilipofungwa, wakazi walijipanga kupigania maslahi yao kwa sauti moja, na chama cha akiba na mikopo kikawa ndiyo benki ya mtaa. Ajira zilipokosekana, walianzisha kituo chao cha kutafutia watu kazi, cha kwanza cha jamii cha aina yake nchini humo. Mwaka 1987 kikaundwa kikosi kazi cha makazi kilichowakutanisha wapangaji, halmashauri na idara za serikali mezani pamoja. Wapangaji hawakwenda pale kuomba rangi mpya ya korido, walikwenda na mapendekezo ya namna ya kuendesha majengo. Kuna mtaalamu wa nje ambaye angeweza kuiona Ballymun ya miaka hiyo kama jamii iliyosambaratika, ilhali ukihesabu kamati, vyama na vikundi vilivyokuwa vikikutana humo jioni, ingekuwa vigumu kupata kitongoji cha watu wenye nafasi kilichoifikia.

Shule ni sehemu nyingine inayowashangaza wageni. Mwaka 1973, wazazi wa eneo hilo walifanikiwa kupata shule ya msingi inayofundisha kwa Kiayalandi, lugha ya asili ya nchi ambayo idadi kubwa ya raia hawaitumii majumbani. Iliitwa Scoil an tSeachtar Laoch, yaani Shule ya Mashujaa Saba, kwa heshima ya majina yaleyale yaliyokuwa juu ya minara. Elimu ya juu ilikuwa habari nyingine. Sehemu ya mashamba ya kile Chuo cha Kilimo cha Albert ilikuwa imegeuzwa kuwa taasisi ya elimu ya juu iliyopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1980, na mwaka 1989 ikawa Dublin City University. Shamba moja likawa limezaa fleti upande mmoja na chuo kikuu upande mwingine, lakini vijana wa fleti hawakuvuka kwenda upande wa pili. Mwaka 1990 chuo hicho kilianzisha mpango wa kuwaingiza vijana wa kaskazini mwa Dublin wasio na uwezo, wa kwanza wa aina hiyo katika vyuo vikuu vya Ayalandi, na ulianzia Ballymun.

Na kulikuwa na mpira. Klabu ya Ballymun Kickhams inacheza soka la Kigaeli, mchezo wa asili wa Waayalandi ambao wachezaji hutumia mikono na miguu, na ambao hata katika ngazi ya juu kabisa huchezwa na watu wasiolipwa, kila mmoja akiichezea klabu ya alikozaliwa. Kutoka humo walitoka Philly McMahon, James McCarthy na Dean Rock, nguzo za timu ya Dublin iliyotwaa ubingwa wa taifa mara sita mfululizo kuanzia 2015 hadi 2020. McMahon, aliyempoteza kaka yake kwa dawa za kulevya, amelizungumzia jambo hilo hadharani mara nyingi. Mwaka 2013 klabu yenyewe ilifika fainali ya vilabu ya taifa ikashindwa na St Brigid's. Waulize mashabiki, watakueleza kila dakika yake.

Watoto wengine walipenda farasi. Hili huwashangaza wasomaji, lakini Dublin ilikuwa na utamaduni wa zamani wa farasi wa mjini, na hadi miaka ya 1990 kijana aliweza kwenda kwenye mnada wa Smithfield akarudi na farasi kwa fedha kidogo, akamfunga kwenye nyasi zile zisizo na mwenyewe chini ya minara. Wanyama wengi waliteseka, ajali zikatokea, na mwaka 1996 ikapitishwa sheria ya kudhibiti farasi iliyoruhusu mamlaka kuwakamata. Kwa wapandaji wadogo ilikuwa ni kunyang'anywa kitu pekee katika mtaa ule ambacho hawakupewa na ofisi yoyote.

Uamuzi wa kubomoa ulitangazwa mwaka 1997, baada ya majaribio ya kukarabati baadhi ya majengo kuonekana kuwa ni ghali na yasiyofika mbali. Kampuni maalumu ya halmashauri, Ballymun Regeneration, iliandaa mpango kamili mwaka 1998, na katika jambo moja mpango huo ulistahili sifa: haukuwatawanya watu. Nyumba mpya zilijengwa kwanza juu ya zile nyasi pana, familia zikahama mita mia kadhaa kutoka zilipokuwa, kisha jengo tupu likavunjwa, na mzunguko ukaanza upya kwenye eneo jingine. Hivyo karibu nyumba 2,000 za umma zilijengwa, nyingi zikiwa za ghorofa mbili au tatu zenye mlango wa mbele unaofungukia barabarani. Mzunguko wa magari uliondolewa, mahali pake pakawekwa barabara kuu ya kawaida, na mwaka 2001 kikafunguliwa kituo cha sanaa cha axis, chenye ukumbi wa maonyesho, studio na ofisi za mashirika ya jamii chini ya paa moja. Mnara wa Pearse uliondoka kwanza, mwaka 2004. Siku ambazo majengo yaliangushwa, watu walijaa kutazama, wengine wakishangilia na wengine wakilia, na mara nyingi ni mtu yuleyule.

Sehemu ndogo ya bajeti ilitengwa kwa ajili ya kazi za sanaa, na matokeo yake hayakuwa mapambo matupu. Mwaka 2007 msanii Seamus Nolan, akishirikiana na wakazi, aligeuza ghorofa ya juu kabisa ya mnara wa Clarke kuwa hoteli ya muda mfupi kabla ya kubomolewa. Samani zilitengenezwa kutokana na vitu vilivyoachwa ndani ya fleti, na wageni walilala katika jengo ambalo jiji zima lilikuwa limefundishwa kuliogopa. Jochen Gerz wa Ujerumani alianzisha mradi wa kupanda miti iliyochangiwa na watu binafsi, kila mchangiaji akiuandikia mti wake maneno yake mwenyewe. Kisha mwaka 2010 ikazinduliwa sanamu ya shaba ya John Byrne iitwayo Misneach, yaani ujasiri: msichana wa leo aliyevaa nguo za michezo, amepanda farasi mkubwa bila tandiko. Farasi huyo alinakiliwa kutoka kwenye sanamu ya jenerali wa jeshi la Uingereza, Gough, iliyokuwa katika bustani ya Phoenix Park hadi ilipolipuliwa mwaka 1957. Mahali pa jenerali wa himaya akawekwa binti wa Ballymun, na watu wa pale hawakuhitaji kuelezwa maana yake.

Iliyokwama ni nusu ya pili ya mpango. Fikra ilikuwa kwamba mtaa ulioharibiwa kwa kukusanya maskini peke yao ungeponywa kwa kuongeza wenye kipato: fleti za kuuzwa, ofisi, hoteli, kituo kipya cha biashara, na reli ya kwenda katikati ya jiji na uwanja wa ndege. Sehemu kubwa ya hayo ilitegemea wawekezaji binafsi na thamani ya ardhi, na mwaka 2008 mabenki ya Ayalandi yaliporomoka. IKEA ilifungua duka lake la kwanza katika Jamhuri hiyo hapo Ballymun mwaka 2009, lakini mpango wa reli ulisimamishwa mwaka 2011, supamaketi kuu ikaondoka mwaka 2014, na kituo cha zamani cha biashara, baada ya kukaa miaka kikiwa nusu gofu, kikabomolewa bila kingine kusimama mahali pake. Kwa hiyo watu waliokuwa na nyumba bila maduka mwaka 1968 walijikuta, karibu nusu karne baadaye, wana nyumba nzuri zaidi na bado wanapanda basi kwenda kununua mahitaji ya wiki. Historia ilijirudia, na safari hii hapakuwa na mnara wa kusingizia.

Jengo moja la zamani lilinusurika, nalo ni lile la matangi ya maji ya moto. Tangu mwaka 2017 ni makao ya Rediscovery Centre, kituo cha taifa kinachoshughulika na kutumia tena vitu vilivyotupwa, ambako baiskeli, rangi, samani na nguo hutengenezwa upya na watu kutoka maeneo ya jirani hupata mafunzo ya kazi. Viwanja vitupu navyo vimeanza kupata wenyewe. Katika eneo la Poppintree, ushirika wa makazi uitwao Ó Cualann ulipewa ardhi na halmashauri kwa bei ya chini mno, ukajenga nyumba 49 za kuuzwa kwa gharama ambayo mwalimu, muuguzi au dereva angeweza kuimudu, wakati bei za soko la Dublin zilikuwa zimewapita watu hao mbali. Nyumba hizo zimekusudiwa watu wa aina ileile waliolipwa pauni 5,000 kuondoka Ballymun katikati ya miaka ya 1980, na baadhi ya wanunuzi wamekulia palepale, katika fleti ambazo leo ni barabara.